Mchungaji wa Belhelvie na Bunduki ya Nyundo

Wasomaji wetu waliopata kuwinda kanga au kwale wajua jinsi ndege alivyo mwepesi wa kuona. Jani likitikisika tu, yeye amekwisha ruka. Habari tutakayoieleza hapa ni ya ndege walioona moto wa bunduki kabla marisau hayajawafikia, na ya mchungaji mmoja wa nchi ya Uskoti aliyeudhika kwa jambo hilo, hata akageuza silaha za dunia nzima.

Bunduki ya zamani zile ilikuwa gumegume. Yafaa tueleze kazi yake, maana vijana wengi wamelisikia jina tu. Mwindaji alimimina baruti katika kasiba, yaani mtutu, akatia marisau, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatia baruti kidogo katika kisahani kilichokuwa ubavuni mwa bunduki. Alipofyatua, jiwe liligonga chuma, cheche zikaanguka kisahanini, baruti ile ikawaka kwa mwako na moshi, na moto ukapenya katika tundu dogo hata kuifikia baruti ya ndani. Ndipo bunduki ikalia. Hayo yote yalitukia upesi, lakini si upesi wa kumshinda ndege. Na siku ya mvua baruti ya kisahani ililowa, mwindaji akabaki ameshika fimbo tu.

Alexander John Forsyth alizaliwa mwaka 1768, akarithi kazi ya baba yake aliyekuwa mchungaji wa Belhelvie, karibu na mji wa Aberdeen, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti. Pamoja na kazi yake alipenda mambo mawili: kuwinda ndege, na elimu ya kemia. Aliona ya kuwa bata na ndege wengine walipouona mwako wa kisahani waligeuka au kupiga mbizi, na marisau yakapita bure. Kwanza alijaribu kuufunika mwako ule, lakini haikutosha. Ndipo akazifikiria zile unga za kemia zinazolipuka zikigongwa. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alikuwa ameeleza habari za unga mmoja wa namna hiyo, utengenezwao kwa zebaki. Kuujaza ndani ya kasiba mahali pa baruti kusingefaa, kwa kuwa nguvu zake zingeipasua bunduki. Forsyth akatumia chembe kidogo tu za unga kama huo, zilizofungiwa mahali pa kile kisahani. Jiwe akaliondoa, akaweka nyundo ndogo. Nyundo ilipoanguka unga ulilipuka, na moto ukaingia kasibani mara moja. Hapakuwa tena na mwako wa kumwonya ndege.

Mwaka 1806 aliipeleka kazi yake London. Lord Moira, aliyekuwa mkuu wa silaha za serikali, alimpa mahali pa kufanyia kazi katika ile ngome kuu iitwayo Mnara wa London. Mwaka uliofuata serikali ilibadilika, na mkuu mpya, Lord Chatham, hakuona faida yake. Akamwamuru aondoke na vitu vyake vyote. Tarehe 11 Aprili 1807 Forsyth alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na baadaye duka likafunguliwa London la kuuza bunduki hizo. Yasemwa kwamba Napoleon alimwahidi pauni 20,000 ampe siri ile, naye akakataa. Kisha alirudi kwa watu wake wa Belhelvie.

Basi wawindaji wa ndege walimsadiki kabla ya majemadari. Wafua bunduki waliigeuza kazi yake hata ikawa nyepesi zaidi. Badala ya unga wa kumimina wakatengeneza kikofia kidogo cha shaba chenye unga ndani yake, ndiyo fataki ambayo wazee wetu waliijua sana. Jeshi lilingoja. Mwaka 1834, huko Woolwich, bunduki za namna mbili zilijaribiwa kwa maelfu ya mapigo. Gumegume ilikosa kulia karibu mara moja katika kila sita au saba, lakini ya fataki ilikosa mara chache sana. Hata hivyo mabadiliko yalikwenda polepole. Mwezi wa Mei 1841 askari wa Kihindi waliokuwa katika jeshi la Waingereza walizingirwa na wanavijiji wa China karibu na Canton, mvua kubwa ikinyesha. Gumegume zao hazikulia. Waliookoa maisha yao ni askari wa majini waliokuwa na bunduki za fataki. Hivyo kitu kilichobuniwa kwa ajili ya bata wa Belhelvie kikaja kuwapiga wakulima waliokuwa wakitetea nchi yao. Sisi twaona vigumu kumlaumu mchungaji kwa hilo. Lakini ni vigumu vile vile kusema kwamba halimhusu, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka London.

Forsyth alikufa mwaka 1843, angali mchungaji wa kijiji kile kile. Malipo ya serikali yalimfikia katika uzee wake, tena yalikuwa kidogo. Sehemu kubwa walipewa jamaa zake baada ya kufa kwake.

Majeshi ya Ulaya yalipoziacha gumegume, hazikutupwa. Nyingi zililetwa Afrika kwa biashara, nasi huku pwani na bara tulizipokea kwa pembe na kwa watu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Shabaha yake ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na hilo twalisifu. Lakini mkataba ule ulizuia silaha mpya zisiletwe Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hata nyuzi 22 kusini, ila gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Silaha ambayo Ulaya iliona haimfai hata mwindaji wa ndege ilihesabiwa kuwa yatufaa sisi.

Turudi kwa ndege. Mfaransa Casimir Lefaucheux alitengeneza bunduki inayofunguka katikati, ikatiwa risasi kwa nyuma, baruti na marisau vimefungwa pamoja katika ganda moja. Mwaka 1851 watu waliiona katika maonyesho makubwa ya London, na wafua bunduki wa Uingereza wakaiga. Kasiba zilikuwa mbili, na nyundo mbili zilisimama juu kama masikio ya punda. Mwaka 1875 Anson na Deeley wa Birmingham walizificha nyundo ndani, na wengi wakaona zile za nje zimepitwa na wakati.

Si wote. Lord Ripon, aliyehesabiwa kuwa mpigaji hodari kupita wote, alizishika bunduki za nyundo maisha yake yote. Aliwinda sana grausi, ndege walio jamaa ya kwale, wakaao katika nyanda za juu zenye baridi. Watu waliwaswaga ndege kumwelekea, na watumishi walimjazia bunduki moja baada ya nyingine. Alikufa Septemba 1923 huko huko nyikani, asubuhi akiwa amekwisha piga grausi 52. Daftari zake zaonyesha ndege na wanyama zaidi ya 556,000. Sisi hatuoni sifa katika hesabu hiyo. Hakuna nyumba iwezayo kula nyama kiasi hicho.

Mwindo mwingine, ulio wa zamani zaidi, ni wa kutembea. Mtu hupanda mlima na mbwa wake, akirudi jioni na ndege wawili au watatu, au bila kitu. Wako hata leo wapendao kuwinda hivyo kwa bunduki za nyundo za karne ya 19, baada ya fundi kuzipima kasiba zisije zikapasuka. Wanazipenda kwa kuwa hali yake huonekana kwa macho: nyundo zikiwa zimelala, kila aliye karibu ajua. Mbwa anaponusa na kusimama kimya, ndipo mwindaji huziinua kwa kidole gumba. Ndege asiporuka, huzilaza tena polepole, moja moja, kisha huendelea kupanda.