Mgeni wa Mji katika Sinema Mbili

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mji humharibu mgeni. Sinema bubu ya Marekani, Traffic in Souls, iliyotengenezwa mwaka 1913 na George Loane Tucker, iliuliza ni nani hasa amharibuye. Dada wawili wa Kiswidi wateremkao melini New York wanaelekezwa kwenye ofisi ya kuajiri wafanyakazi, kumbe ni danguro. Msichana wa shamba naye hulaghaiwa vivyo hivyo. Tajiri wa biashara hiyo, Bwana Trubus, ni mheshimiwa anayeongoza chama cha kutakasa maadili ya mji! Na cha ajabu, katika sinema hiyo isiyo na sauti, kinachomtia hatiani ni mtambo wa kunasa sauti.

Huku kwetu, Tanganyika ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipata Muhogo Mchungu. Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam na kutapeliwa. Hapa achekwaye ni mgeni mwenyewe, kicheko ambacho wakoloni, wasiopenda vijana wahamie mijini, hawakuwa na sababu ya kukizuia.

Sisi tunaofundisha Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, hatuwezi kucheka hivyo. Wanafunzi wetu huenda Mbarara kutafuta kazi, wakiwa na Kiswahili cha Kongo mahali pasemwapo Kinyankole. Kwa hiyo darasani twaanza na Trubus. Muhogo Mchungu hufuata baadaye.