Ukakasi, Uchapwa na Ukolevu: Historia ya Lugha ya Kuonja Chai katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Jamii inapopokea kinywaji kipya, jina lake huja pamoja na wafanyabiashara, lakini sifa zake hutafutwa nyumbani. Neno chai ni mfano mzuri. Asili yake ni neno la Kichina cha, lililosafiri hadi Uajemi, likapata kiishio kipya huko, na kuenea katika lugha za Bara Hindi na za nchi jirani. Mataifa ya Ulaya ya Magharibi, yaliyonunua majani hayo kupitia kwa Waholanzi katika karne ya 17, yalichukua umbo jingine, te, kutoka lahaja ya Kimin ya jimbo la Fujian. Kwa hiyo, Waswahili hawakuipokea chai kwa jina la Mwingereza, ingawa mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa na makampuni ya Kiingereza katika miaka ya 1920. Hata hivyo, lugha inayotumika kuipima chai hiyo mnadani ni Kiingereza. Swali la msingi ni hili: je, Kiswahili kimekosa maneno ya kazi hiyo, au maneno yapo ila hayajaitwa kazini?

Kuonja kama taaluma

Kuonja kwa utaratibu ni jambo la kale. Katika karne ya 8, Lu Yu wa China aliandika kitabu kizima kuhusu chai, na ndani yake akayapanga hata maji kwa daraja: ya mlimani kwanza, ya mtoni yakifuata, ya kisimani mwisho. Kuonja kwa ajili ya bei kulikua baadaye kutokana na minada. Mnada wa London ulianza mwaka 1679 na kufungwa mwaka 1998. Ule wa Calcutta ulianza mwaka 1861. Katika Afrika Mashariki, mnada ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969.

Msamiati wa waonjaji ulizaliwa katika minada hiyo ya Waingereza, nao ukarithiwa pamoja na vyombo vyake. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 1980 kinataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa muda wa dakika 6. Muonjaji hutazama majani makavu, majani yaliyoloa na rangi ya maji. Kisha huvuta chai ya kijiko kwa nguvu pamoja na hewa, ili ienee ulimini na harufu yake ipande puani kutokea kinywani, halafu huitema. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu. Hiyo ndiyo sababu mtu mwenye mafua huona kila chakula kimepooza.

Hazina ya Kiswahili

Kitenzi onja ni cha Kibantu, ilhali nomino ladha imetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni raha au starehe. Alama ya asili hiyo inaonekana katika matumizi ya kivumishi tamu. Sukari ni tamu, mchuzi uliokolea chumvi ni mtamu, na hadithi nzuri ni tamu. Kwa muonjaji, tamu ni hukumu kabla ya kuwa maelezo. Kali nalo lina mawanda mapana: pilipili, siki, tumbaku na jua vyote ni vikali. Anayesema chai ni kali hajafafanua iwapo ni chungu, nzito, au inakwaruza.

Yapo hata hivyo maneno yenye mipaka mikali zaidi. La kwanza ni ukakasi: ile hali ya ulimi na fizi kukauka na kukwaruzika baada ya kula ndizi mbichi au bibo la mkorosho. Kiswahili hakiuchanganyi ukakasi na uchungu. Mwarobaini ni mchungu. Bibo lina ukakasi. La pili ni chapwa, pamoja na mwenzake dufu, kwa kitu kilichopooza na kukosa msisimko. La tatu ni kolea, kitenzi kinachobeba wazo la kiasi kilichotimia: chai iliyokolea haijapungua majani wala haijazidi.

Pwani na bara la Tanzania hupatikana pia jina mkandaa, yaani chai isiyotiwa maziwa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, ambao gome lake jekundu hutumika kutia rangi na kulainishia ngozi kwa sababu ya wingi wa tanini. Jina hilo moja linaunganisha maji mekundu ya gome na maji mekundu ya chai.

Ushahidi wa kemia

Tofauti kati ya ukakasi na uchungu inathibitishwa na maabara. Uchungu wa chai, ambao kwa sehemu hutokana na kafeini, hupokelewa na vihisishi vya ladha. Ukakasi, kwa upande wake, ni mguso: polifenoli za chai hushikamana na protini za mate, na utelezi wa kinywa hupungua. Maziwa hupunguza ukakasi kwa kuwa protini zake hushikamana na polifenoli hizo kabla hazijafika kwenye mate. Katika eneo ambalo chai huchemshwa pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, haishangazi kwamba mazungumzo ya kila siku hugusia zaidi ukolevu na rangi kuliko ukakasi.

Kiwandani, majani hunyaushwa, hupondwa na kuraruliwa, kisha huachwa yakutane na hewa. Vimeng'enya vya jani lenyewe huzalisha thiaflavini, zinazoipa chai mng'aro na uchangamfu, na thiarubijini, zinazoipa wekundu na uzito. Kuiita hatua hii uchachushaji kunapotosha, maana hakuna chachu inayofanya kazi humo. Ni kosa lililotafsiriwa kutoka Kiingereza.

Neno na haki ya mkulima

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Nchini Kenya pekee, zaidi ya wakulima wadogo 500,000 huuza majani mabichi kupitia shirika lililoundwa mwaka 1964. Mkulima anafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na kutoyashindilia kikapuni yasije yakapata joto. Anazijua kanuni, asichokijua ni jinsi uvunjaji wake unavyosikika ulimini mwa muonjaji. Taarifa ya ubora huandikwa kwa istilahi za Kiingereza, na humfikia mkulima ikiwa imebaki bei tu. Bei husema kwamba chai imeshuka. Haisemi kwamba imekuwa chapwa, wala kwa nini.

Ilipochapishwa mwaka 1990 kamusi ya Kiswahili ya biolojia, fizikia na kemia, ilidhihirika kwamba istilahi za sayansi zaweza kuundwa kwa utaratibu. Kazi ya chai ni nyepesi zaidi, kwa kuwa maneno mengi tayari yamo vinywani mwa watu. Ukakasi, uchapwa, ukolevu, uzito, mng'aro na uchangamfu yatosha kuanzia. Yanahitaji fasili zilizokubaliwa, sampuli za chai za kuyashikiza, na waonjaji walio tayari kuyatumia katika taarifa zinazorudi kijijini.

Hitimisho

Kwa hiyo, pengo lililopo ni la matumizi kuliko la msamiati. Lugha iliyoweza kuutenga ukakasi na uchungu kabla ya maabara kufanya hivyo ina uwezo wa kumweleza mchumaji kilichoonekana kikombeni. Mahali pa kuanzia ni viwandani, ambako jani la mkulima hugeuka chai, na ambako mkulima na muonjaji wangeweza kuonja kikombe kimoja na kukitaja kwa neno moja.