Chumba Kinachotazama Kisima

Hati imekunjwa mara nne, na penye mikunjo karatasi imechakaa hadi mwanga unapita. Mwandiko ni wa Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawa. Tarehe ni ya Hijria, mwaka 1340, ndiyo kusema 1921 au 1922. Aliyeiandikisha ni nyanyake baba yangu, mwanamke wa Kuze, Mombasa, aliyekuwa na nyumba moja ya mawe. Hakujua kuandika. Chini ya jina lake pana alama ya kidole gumba, imevuja kidogo upande wa kushoto pale wino ulipozidi. Mipaka ya nyumba haikutajwa kwa futi wala kwa nambari ya kiwanja. Imetajwa kwa majirani: kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia ya kwendea msikitini, magharibi uchochoro, mashariki kisima.

Mimi ni wakili. Mwaka wa ishirini na nne huu naandika wasia, hati za wakfu na hati za udhamini papa hapa Mombasa. Mtu akija ofisini kutaka nimpangie mali yake angali hai, humpa kwanza tafsiri ya hati ile aisome, na mimi hunyamaza mpaka amalize.

Wakfu, kwa wasioujua, ni mali iliyosimamishwa. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kinachotembea ni pato lake. Waislamu wanaurejesha kwa Sayyidna Umar, aliyepata shamba Khaybar akamwendea Mtume kumtaka shauri, akaelekezwa aizuie asili na matunda yake ayatoe sadaka. Pwani yetu misikiti mingi iliishi hivyo: kodi ya duka au nazi za shamba zikinunua mafuta ya taa na mikeka. Lakini upo na wakfu wa kizazi, ambao pato lake ni la watoto, kisha wajukuu, kisha vitukuu, na ukoo ukikatika ndipo liende kwa masikini. Wa nyanyake baba ulikuwa huo. Na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, mtu hajiwekei wakfu nafsi yake. Siku alipobonyeza kidole kile, nyumba ilitoka mkononi mwake.

Nani alimwandikia? Kadhi, si wakili. Wakati huo wakili kwa Kiswahili alikuwa mtu anayesimama mahali pa mwenziwe: wakili wa bibi arusi mbele ya anayeozesha, wakili wa tajiri wa Unguja kule Tabora akimpokelea bidhaa. Mambo ya mirathi na wakfu yalikuwa ya kadhi na wanachuoni wa mtaa. Uingereza ilipoanza kuusimamia mwambao kwa mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, makadhi waliachwa wabaki. Baba yangu alihadithiwa na mamake kwamba kadhi alikuja mwenyewe, akakaa barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na muda mwingi hakuandika. Aliuliza. Umezaa wangapi? Yupi ameolewa mbali? Nani kati yao hupenda kukopa? Nani akikasirika hufunga mlango? Kahawa ikaletwa mara tatu.

Mstari wa saba wa hati ndio matunda ya alasiri ile. Unasema chumba cha chini kinachotazama kisima kisipangishwe wala kugawanywa. Ni cha binti yeyote wa kizazi hicho atakayeachwa au kufiwa na mume, akae humo bila kudhuru na bila kudhuriwa, na akiolewa tena haki yake inakoma. Sharti hilo lina umri mkubwa kuliko Mombasa ya mawe. Linapokewa kutoka kwa Zubayr bin al-Awwam, sahaba wa Mtume, aliyewawekea nyumba zake wakfu watoto wake na kumkumbuka binti atakayerudi nyumbani. Kadhi alilijua kwa kusoma. Lakini alijua alitie katika hati ile, kwenye chumba kile, kwa sababu alikwisha uliza nani hufunga mlango.

Wakati huohuo sheria nyingine ilikuwa imeshateremka bandarini, nayo ilitokea India. Rufaa za mahakama ya balozi wa Uingereza kule Zanzibar zilipelekwa Bombay. Sheria ya India ya 1882 kuhusu kuhamisha mali ndiyo iliyotumika kwetu, na haikufutwa Kenya hadi 2012. Mimi mwenyewe nimeandika rehani kwayo. Pamoja na vitabu hivyo zilikuja hukumu. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, Lord Hobhouse wa Privy Council, mahakama iliyokuwa juu ya zote za makoloni, aliamua kwamba wakfu wa watoto na vizazi vyao, ambao masikini wataupata ukoo ukiisha tu, si sadaka ya kweli. Fungu la masikini liko mbali mno, alisema, ni kivuli tu. Basi wakfu huo ni batili.

Kila nikiisoma hukumu hiyo naumia. Waingereza walikuwa na hofu yao wenyewe ya miaka mingi, kwamba wenye mali wataifunga ardhi milele na maiti watawatawala walio hai, na hofu hiyo wakaivisha watu ambao kwao kumlisha mwanao na mjukuu wako ni sadaka, tena sadaka inayoanza mlangoni. Wanazuoni wa India walilijibu hilo kwa ukali, Ameer Ali akiwa mbele yao. Aliyelifikisha kwenye sheria alikuwa wakili wa Bombay, Muhammad Ali Jinnah, kijana wakati huo, aliyeupitisha mswada wa kuhalalisha wakfu wa kizazi mwaka 1913. Hata hapo ilibidi sheria ya pili, ya 1930, ndipo wakfu za kabla ya 1913 zipate kusalimika.

Lakini sheria ya India ya 1913 haikuwa sheria ya Mombasa. Huku hukumu ya 1894 iliendelea kutawala, na kadhi angesema atakalo kuhusu madhehebu ya watu wake, jaji alikuwa amefungwa na neno la London. Zanzibar ilijitengenezea dekrii yake mwaka 1946. Kenya ikatunga Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951, ambayo iliukubali wakfu wa kizazi, uliopita na utakaokuja, mradi mwisho wake uwe kwa masikini au jambo la dini. Na katika miaka hiyohiyo familia moja ya Mombasa ilikuwa imefika Privy Council kugombea wakfu. Mawakili tunaiita kesi ya Bakhshuwen, imo katika ripoti za 1952. London ilishikilia yake ya 1894.

Kwa hiyo kwa miaka kama thelathini, hadi sheria ile ya 1951, hati ya nyanyake baba, mbele ya jaji, ilikuwa karatasi tupu. Ilisimama kwa sababu hapana aliyeishtaki. Watu wa nyumba ile waliiheshimu kwa kuwa walijua nani aliulizwa nini siku ile barazani.

Babu yangu alikuwa mtu wa wakati mpya. Alikuwa na shamba la minazi Mtwapa, lake mwenyewe, na katika miaka ya 1970 alitaka kuwapangia watoto. Hakwenda kwa kadhi. Alitafuta wakili, ofisi yenye feni na taipureta, akalipa ada nzuri. Hati aliyoandikiwa ninayo pia. Ni kurasa kumi na moja za Kiingereza safi, mhuri mwekundu, utepe wa kijani. Babu hakusoma Kiingereza. Alisomewa kwa ufupi akatia sahihi. Imeweka wadhamini wawili, wanawe wakubwa. Ukiisoma leo, huoni popote anayeshika nafasi mmoja wao akifa. Kimenakiliwa kifungu cha kitabu kuhusu hisa za kampuni, na babu hakuwa na hisa hata moja. Mabinti wanatajwa kwa neno moja la jumla. Hakuna aliyeuliza nani hupenda kukopa.

Ami mmoja alifariki, wa pili akamfuata baada ya miaka minne. Shamba likabaki halina mwenye sauti. Mpangaji akaacha kulipa, binamu akauza kipande asichokuwa nacho, na sisi tukakaa mahakamani miaka kumi na mmoja. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria kesi ilipoanza na nina watoto ilipokwisha. Minazi mingi ilikwisha katwa.

Wakili yule simchukii. Aliandika alichofundishwa kuandika, na lugha aliyofundishiwa haina baraza. Kiswahili chetu cha ofisi nacho hakimsaidii mteja: tunasema mdhamini, na mtu mzima anayelisikia neno hilo hufikiria anayemtoa mtu rumande. Mimi husema mwenye amana, kisha naona uso wa mteja ukibadilika, kwa sababu amana anaijua. Ameshawahi kuwekewa dhahabu ya jirani.

Kwa hiyo siku ya kwanza sifungui kompyuta. Mteja akija na mkewe naomba siku nyingine aje mke peke yake. Namuuliza nani analala chumba gani. Nauliza ni nani wanayempigia simu usiku. Mwenye amana wa kwanza akifa, nani? Na huyo akifa? Wengi hukasirika kidogo hapo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimekuja kuandika hati, sikuja kuhojiwa." Nikaagiza kahawa. Alirudi mara nne.

Nyumba ya Kuze ipo. Mwaka 1987 shangazi yangu aliachwa huko Malindi, akarudi na sanduku la bati na cherehani. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kubaliana chumba cha chini kipangishwe duka la vipuri, na mpangaji alikuwa ametoa malipo ya miezi sita. Baba alitoa hati kabatini, akaikunjua juu ya meza ya kulia, akamwita mwalimu wa madrasa aisome kwa sauti, mstari mmoja mmoja. Ulipofika wa saba hapana aliyesema kitu. Ami yangu mkubwa alitoka kwenda kumrudishia mtu pesa zake. Shangazi alikaa chumba kile miaka ishirini na sita, akishona kanzu karibu na dirisha, na alipokufa tulikuta ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ndani ya cherehani nakala ya mstari wa saba, kwa mwandiko wake.