Uzoevu wa heroini na tiba ya methadoni, Dodoma

Uzoevu wa heroini ni hali ya mwili kutoitikia tena kipimo ulichokizoea. Vipokezi vya ubongo hufifia, na kete iliyotosha jana leo haitoshi. Mtumiaji akishafika hapo hatafuti tena raha. Anakimbia arosto: miayo, mafua, jasho, kuharisha, mifupa kuuma na usiku usio na usingizi. Kumwambia aache kwa nia tu ni kumwonea.

Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wakati huo mraibu wa Dodoma aliyetaka tiba ilimbidi ahamie Dar es Salaam, kilomita 450 hivi. Baadaye huduma ilifika Dodoma kwenyewe, katika kituo cha Itega kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe.

Methadoni hukaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini, lakini hufanya kazi taratibu, na dozi moja hutosha siku nzima. Ni dawa ya maji, na kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Siku ya kwanza kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 30, hata kama alikuwa akitumia unga mwingi, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini siku hadi siku, na kuharakisha kunaweza kumzimisha pumzi. Kipimo hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Siku hizo za mwanzo arosto haijaisha, na ndipo wengi hurudi kijiweni.

Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji uangalizi zaidi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje methadoni haraka, arosto ikarudi ilhali dozi haijabadilika. Anayelalamika hivyo asikilizwe, hadanganyi.

Uzoevu hupotea upesi kuliko ulivyojengeka. Aliyetoka gerezani au kijijini baada ya wiki kadhaa bila dawa, akarudia kiasi chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo aliyekosa kliniki siku tatu mfululizo hupimwa upya na dozi yake hupunguzwa. Sharti la kufika kliniki kila siku lina sababu, ila humlemea anayeishi Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini: nauli ya kwenda na kurudi kila siku haimudu, na kuhamia mjini ni kuacha shamba na familia.