Tiketi ya Tramu: Santuri, Ushirika na Kumbukumbu ya Taifa

Historia ya taifa haihifadhiwi na nyaraka za serikali peke yake. Wakati mwingine huhifadhiwa na watu wenye magitaa na fidla. Mfano mmojawapo ni santuri ya mwaka 1975 iitwayo *Un biglietto del tram*, yaani "Tiketi ya Tramu", ya kundi la Stormy Six kutoka Milano, Italia.

Ili kuielewa, sharti tuanze na mazingira yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Italia ilikuwa mojawapo ya ngome za roki iliyoitwa progresivu, ambayo ilikataa kufungwa na wimbo wa dakika tatu na kuazima upana wa simfonia. Premiata Forneria Marconi walitoa *Storia di un minuto* mwaka 1972, na mwaka huohuo Banco del Mutuo Soccorso wakatoa *Darwin!*, santuri nzima juu ya mageuko ya viumbe. Ufundi huo ulivuka mipaka, lakini soko lilidai malipo yake. Premiata walipoingia soko la dunia mwaka 1973 kwa *Photos of Ghosts*, nyimbo zao zilivishwa maneno mapya ya Kiingereza yaliyotungwa na Mwingereza, Pete Sinfield. Muziki ulisafiri, lugha ikabaki nyumbani.

Stormy Six, waliokuwapo tangu mwaka 1966, walifuata njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970, wao na wanamuziki wenzao walianzisha ushirika ulioitwa L'Orchestra. Ushirika huo ndio uliotoa *Un biglietto del tram*. Hapa ndipo neno "huru" linapopata maana yake kamili. Uhuru wa msanii hauishii katika kusema atakalo studioni. Unahusu pia nani anamiliki kanda iliyorekodiwa, nani anaamua itolewe, na nani anaifikisha kwa msikilizaji.

Santuri yenyewe inazungumzia vita dhidi ya ufashisti. Iko Stalingrad. Iko kiwanda, na pamoja nacho migomo ya Machi 1943 iliyoanzia Torino, miezi michache kabla Mussolini hajaangushwa Julai 25. Yuko Dante Di Nanni, mpiganaji kijana aliyeuawa Torino Mei 1944. Yuko Gianfranco Mattei, mkemia aliyejiua gerezani Roma mwaka huohuo akiwa mikononi mwa Wanazi. Msikilizaji hakutani na sanamu za mashujaa, bali na wafanyakazi, vijana na wanakijiji waliolazimika kuchagua upande.

Kwa nini mambo ya 1943 na 1944 yaimbwe mwaka 1975? Kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Desemba 12, 1969, bomu lililipuka katika benki iliyoko Piazza Fontana, Milano, likaua watu 17. Polisi waliwaandama kwanza wanaanarkia. Miaka mingi baadaye mahakama zilitambua kuwa mkono uliohusika ulikuwa wa mafashisti mamboleo. Katika nchi ya namna hiyo, kukumbuka ukombozi kulikuwa ni kujibu hoja iliyo hai.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na kisa hiki. Utawala uliogomewa na wafanyakazi wa Torino ndio ulioivamia Uhabeshi Oktoba 1935, na ndio uliokabiliwa na askari wa King's African Rifles katika mapigano ya mwaka 1941. Historia ya ufashisti wa Italia ina ukurasa wetu ndani yake, japo mara chache tunausoma kwa sauti.

Je, ushirika ulishinda soko? La. Mwaka 1978 Stormy Six walijiunga na makundi ya nchi nyingine za Ulaya, yakiwemo Henry Cow ya Uingereza, katika harakati ya Rock in Opposition, iliyopinga kutengwa na kampuni kubwa. Mwaka 1983 kundi likavunjika. Hata hivyo, mmoja wao, Franco Fabbri, aligeuka kuwa mtafiti mashuhuri wa muziki wa umma, na santuri ile bado inasikilizwa.

Umiliki wa pamoja haufanyi wimbo mbaya kuwa mzuri. Unachofanya ni kupanua mipaka ya kinachoweza kusemwa, na kwa lugha ipi. Wanafunzi wanaotaka kumbukumbu za migomo na harakati za nchi yao zidumu, na watumishi wa umma wanaoandika sera za utamaduni, wangefaa kuanza na swali lililowakabili wanamuziki wa Milano: chombo kinachobeba sauti yetu ni cha nani? Anayekimiliki ndiye atakayeamua kizazi kijacho kikumbuke nini.