Wanyantuzu, Wasukuma na Wataturu: Majina ya Watu wa Simiyu

Wenyeji wengi wa Bariadi, mkoani Simiyu nchini Tanzania, huandikwa vitabuni kuwa Wasukuma, ilhali mbele ya jirani wa Mwanza au Shinyanga hujitambulisha kwanza kuwa Wanyantuzu, yaani watu wa Ntuzu, mojawapo ya himaya za watemi (watawala wa jadi) za mashariki ya Ziwa Victoria. Neno "sukuma" maana yake ni kaskazini, nalo huenda pamoja na "dakama" la kusini, "kiya" la mashariki na "ng'weli" la magharibi. Kwa hiyo Msukuma alikuwa mtu wa kaskazini kwa yule aliyekaa kusini yake, hususan Mnyamwezi, na jina hilo halikutaja ukoo, mtemi wala mila. Mnyamwezi naye alilipata lake kwa watu wa pwani, waliomfahamu kwa upagazi wa misafara ya pembe za ndovu.

Majina hayo ya kuelekezana yaliganda yalipoingia katika daftari za serikali. Utawala wa Kiingereza, uliopendelea kutawala kupitia machifu, uliwakusanya watemi wengi, wa Ntuzu akiwamo, katika Shirikisho la Usukuma lililoanzishwa mwaka 1946 na kuwa na makao yake Malya. Tangu hapo upande wa dunia ukawa kabila, na utemi ulipofutwa mwaka 1963, kabila lilibaki.

Jambo kama hilo liliwapata Walakota wa Marekani, ambao jina lao wenyewe hubeba maana ya urafiki na muungano: Wafaransa waliwaita Sioux kwa kufupisha jina walilopewa na jirani zao Waojibwe, na mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 ukalitumia hilohilo la kuazima.

Jina la jirani huumiza zaidi linapotoka kwa hasimu. Wafugaji wanaojiita Wadatoga, ambao baadhi yao huchunga mifugo Meatu, pia mkoani Simiyu, huitwa Wataturu na Wasukuma, lakini nchini wamevuma zaidi kwa jina la Wamang'ati, lenye asili ya Kimasai na maana ya maadui. Ni ajabu kwamba maandishi mengi bado hulitumia pasipo maelezo, kana kwamba uhasama wa Wamasai ndio utambulisho wa watu hao. Mwandishi wa leo hana udhuru wa kuliendeleza, kwa kuwa jina la Wadatoga linajulikana na wenyewe wapo wa kuulizwa.