Bandu Bandu au Gogo Zima?

Mama wa kibanda pale steji yetu hajawahi kuniuliza jina, lakini hesabu yangu anaijua. Januari nilikuwa mtu wa fegi nane kwa siku. Februari nikamwambia, "Mathe, kuanzia leo usiniuzie zaidi ya sita." Akacheka, akakubali. Machi tukashuka hadi nne. Aprili ikaja na wiki moja ya kazi za usiku na mshahara uliochelewa, nikarudi nane. Hakunisema. Alininyoshea kiberiti tu, kama kawaida.

Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Gogo langu lilikuwa linachipuka.

Mzee wangu hana subira na hesabu hizi. Yeye anasema aliamka Jumatatu moja mwaka wa 1998, akaacha. Basi. "Kitu kibaya hakiachwi kwa mafungu," huniambia kila nikienda nyumbani. Mimi humjibu kwamba miili haifanani. Tumebishana hivyo miaka mitatu, hadi nikaamua kuuliza historia: kati ya anayepunguza na anayekata ghafla, nani amewahi kufika?

Nilianza na Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyetaka kujua kila siri ya akili ya binadamu. Mwaka wa 1894 moyo ulimsumbua, na rafiki yake Wilhelm Fliess, naye daktari, akamkataza sigara. Freud akaacha. Haukupita muda mrefu, akarudi. Mwaka wa 1923 akapatikana na saratani ya mdomo, akapasuliwa zaidi ya mara thelathini, na bado akaendelea kuvuta. Alifariki London mwaka wa 1939. Nilifunga ukurasa huo nikiwa na hofu kidogo. Kama mtu aliyesomea tamaa za watu alishindwa na yake, mimi wa nane kwa siku ni nani?

Kumbuka lakini kwamba wakati wa Freud takwimu za kumtisha mvutaji zilikuwa chache. Zilizo nzito zilikuja mwaka wa 1950, Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Majibu yalipoanza kujitokeza kwenye karatasi zake, aliacha kabla hata kazi haijaisha. Mwaka wa 1964, Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti maarufu ya madhara ya sigara. Aliitoa Jumamosi, siku ambayo soko la hisa limefungwa. Hivyo ndivyo habari yenyewe ilivyokuwa nzito.

Baada ya hapo swali halikuwa tena "niache au nisiache?" Likawa "niache vipi?"

Jibu moja lilitoka mahali ambapo sikutarajia: ndani ya nyambizi. Katika miaka ya sitini, watafiti wa Lund, Uswidi, waligundua kwamba mabaharia wasioruhusiwa kuvuta chini ya maji walitafuna tumbaku badala yake, na kiu ikatulia. Mwaka wa 1967 wakamwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa iliyokuwa Helsingborg. Naye akatengeneza chingamu yenye nikotini, iliyoingia sokoni Uswisi mwaka wa 1978.

Mimi naona chingamu ile ilivunja ubishi wetu katikati. Ilionyesha kwamba mvutaji ana vitu viwili vya kuacha, na si lazima aviache kwa mwendo mmoja. Kuna moshi, ambao ndio unaobeba lami na gesi zinazoharibu mapafu na moyo. Halafu kuna nikotini, ambayo ndiyo inayokufunga kamba. Moshi unaweza kuukata leo saa nne asubuhi. Nikotini unaipunguza taratibu, wiki baada ya wiki. Mzee angepata ghafla yake, nami ningepata polepole yangu.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Mwaka wa 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 697 waliotaka kuacha. Nusu walipangiwa kukata kwa siku moja, nusu kupunguza kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo. Wote walipewa viraka vya nikotini na mtu wa kuwashauri. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata ghafla walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Baada ya miezi sita, asilimia 22 dhidi ya 15.5.

Nilipompigia mzee simu kumsomea, alishangilia kama amefunga bao. Sikumwambia mara moja yaliyobaki. Kwanza, hata upande ulioshinda, karibu wanne kati ya watano walikuwa wamerudi kufikia mwezi wa sita. Pili, mwaka wa 2019 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio mengi pamoja, na hawakuona tofauti ya wazi kati ya njia hizi mbili. Wengine hufika kwa hii, wengine kwa ile.

Basi mbona mimi sifiki? Nadhani jibu liko pale pale kibandani. Wale wa Uingereza wanaweza kutupa pakiti kwenye pipa na kusema imeisha. Mimi sijawahi kumiliki pakiti. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye vijiti chini ya kumi, lakini mtaani sote tunanunua moja moja. Biashara yenyewe ni ya bandu bandu. Ukipunguza, hakuna kinachobadilika: kibanda ni kile kile, njia ni ile ile, kiberiti ni kile kile kilichofungwa kamba. Nilikuwa na namba inayoshuka, ila sikuwa na siku ya mwisho. Wale wa jaribio, hata waliopunguza, walikuwa na tarehe mbele yao.

Wikendi iliyopita nilikwenda nyumbani. Mzee alikuwa ametoka, nikabaki na mama jikoni akichambua sukuma. Nikamwomba anisimulie ile Jumatatu ya 1998.

Akaniangalia. "Jumatatu gani? Babako alianza kujitayarisha tangu Krismasi. Aliacha kupitia baa akitoka kazini. Akawaambia wenzake wa zamu wasimpe hata akiomba. Akanipa mimi pesa zake za sigara nimwekee. Hiyo Jumatatu ilikuwa Machi. Na siku tatu za kwanza, mwanangu, hapa ndani hakukukalika."

Siku tatu. Vitabu pia vinasema hivyo: kiu huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua kwa wiki kadhaa. Miaka yote hii mzee amekuwa akinihubiria kuruka, bila kunitajia alivyojiandaa. Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Yeye aliagana nayo miezi mitatu.

Septemba natimiza miaka 30. Yule Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka hamsini, tangu 1951, na mwaka wa 2004 wakatoa hesabu ambayo sasa imekaa kichwani mwangu: aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka mitatu ya kuishi, 50, sita, 40, tisa, 30, kama kumi. Kumi! Watoto huzaliwa na kumaliza darasa la nne katika miaka kumi.

Nimechagua Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Nimeuliza duka la dawa kuhusu chingamu na viraka, na nimewaambia watu watatu kazini. Jana nikamwendea mathe wa kibanda.

"Tunashuka hadi ngapi sasa?" akauliza.

"Tarehe ikifika, sifuri. Na nitakuwa napanda matatu steji ya juu, usidhani nimekukasirikia."

Akanyamaza kidogo. Mimi ni mteja wake, na nane kwa siku si pesa ndogo kwa mtu wa kibanda.

"Sawa," akasema. "Lakini salamu utakuwa unanipungia kutoka ng'ambo."